Paka Nyumbani, Farasi Uwanjani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimeishi na paka jijini Nairobi kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa muda unaokaribia huo nimekuwa nikienda kutazama mbio za farasi katika uwanja wa Ngong kila Jumapili ninayoipata. Ndugu, majirani na watu ninaokaa nao jukwaani huniuliza maswali yaleyale mwaka hadi mwaka, ndiyo maana nimeona ni afadhali kuyaandika pamoja na majibu yake. Baadhi ya majibu yamekuwa marefu kuliko swali lilivyohitaji. Anayetaka jibu la haraka atalipata katika sentensi ya kwanza au ya pili.

Paka na mbio za farasi vinahusiana vipi?

Wahenga walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba, na shemeji yangu hunikumbusha methali hiyo kila anaponikuta nikiandaa chakula cha paka huku nikisoma orodha ya farasi watakaokimbia. Humjibu kwamba sipandi hata farasi mmoja. Mimi hutazama tu, na kutazama huko ndiko kunakoziunganisha shughuli zangu hizi mbili. Paka akiumwa halalamiki: hujikunyata chini ya kitanda na kunyamaza, kwa hiyo anayeishi naye hulazimika kujifunza kusoma mgongo wake, masikio yake na jinsi anavyotua anaporuka kutoka dirishani. Siku ya kwanza niliposimama kwenye uzio wa duara ambamo farasi huzungushwa kabla ya mbio, nilijikuta nikiwatazama jinsi ninavyowatazama paka wangu asubuhi, nikijiuliza nani ametulia na nani ana jambo analolificha. Sikuwa nimemgusa farasi maishani mwangu, lakini macho yalikuwa yameshafundishwa nyumbani.

Una paka wangapi?

Watatu. Wa kwanza ni paka shume aliyeingia kupitia dirisha la jikoni mwaka mmoja wa mvua nyingi na hakutoka tena; tunamwita Mzee. Wa pili na wa tatu ni dada wawili waliookotwa wakiwa kwenye katoni nyuma ya kibanda cha mboga, Pili na Karafuu.

Paka wanapaswa kula nini? Je, ugali na omena vinatosha?

Omena ni chakula kizuri kwa paka, ila ugali si chakula cha paka, na mchanganyiko wa sehemu tatu za ugali kwa sehemu moja ya omena, ambao ndio ulio katika sahani nyingi za paka mitaani kwetu, humshibisha bila kumlisha. Paka ni mla nyama kwa maumbile, si kwa kupenda. Mwili wake hauwezi kujitengenezea kiasi cha kutosha cha kirutubishi kiitwacho taurini, ambacho hupatikana katika nyama, hasa moyo, na katika samaki, lakini hakimo kabisa katika nafaka. Akikikosa kwa muda mrefu, macho huharibika hadi upofu na misuli ya moyo hulegea, na dalili hizo hujitokeza baada ya miezi mingi, wakati ambapo mwenye paka ameshaamini kwamba mnyama wake amezoea ugali.

Mimi hununua omena zilizokauka, nikazichambua na kuziosha mara mbili au tatu kwa sababu mara nyingi huanikwa ziwani juu ya mchanga, kisha nikazichemsha bila chumvi, bila kitunguu na bila viungo. Kitunguu na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, viwe vibichi au vimepikwa, kwa hiyo mchuzi uliobaki mezani si zawadi kwake. Siku nyingine huwapa maini kidogo, mioyo ya kuku, au chakula cha paka cha dukani ambacho huwa kimeongezwa taurini. Maini yasizidi mara moja au mbili kwa wiki, maana vitamini A ikizidi hudhuru mifupa.

Kuhusu maziwa, najua picha ya paka na kisahani cha maziwa imeshatukaa vichwani, lakini paka wengi waliokomaa hawawezi kusaga sukari iliyomo katika maziwa, na matokeo yake utayaona kwenye sanduku la mchanga. Maji safi yanatosha.

Paka wangu hutapika mara kwa mara. Je, ni kawaida?

Kutapika kidonge cha manyoya mara moja moja ni kawaida, kwa kuwa paka hujilamba sehemu kubwa ya muda anaokuwa macho. Kutapika kila siku, au kutapika huku amekataa kula kwa siku nzima, si kawaida, na panahitajika daktari wa mifugo. Watu wa farasi hushangaa wakisikia malalamiko haya, kwa kuwa farasi hawezi kutapika hata akitaka: mlango wa tumbo lake hufungika kwa nguvu kiasi kwamba chakula kikishaingia hakirudi juu. Ndiyo sababu maumivu ya tumbo, ambayo kwa paka ni usumbufu wa zulia tu, kwa farasi ni dharura ya usiku wa manane.

Je, ni kweli kwamba paka na farasi wanaweza kuishi pamoja?

Wanaishi pamoja karibu kila mahali palipo na mabanda ya farasi. Sababu ya kwanza ni shayiri na pumba: penye nafaka pana panya, panya huchafua chakula kwa mkojo wenye magonjwa, na paka mmoja hodari hupunguza hasara ambayo mitego kumi haiipunguzi. Sababu ya pili ni ngumu kuipima, lakini masaisi (jina ambalo wahudumu wa farasi wamelibeba kwetu tangu zamani) watakusimulia wote: farasi ni mnyama wa kundi, na anapofungiwa peke yake hupata wasiwasi, hutembea huku na huku, huguguna mlango wa banda. Kiumbe mwingine akiwa karibu, hata kama ni mdogo, hutulia. Katika nchi nyingi farasi wenye wasiwasi hupewa mbuzi. Wengine hujichagulia paka wenyewe.

Kisa maarufu kuliko vyote ni cha Godolphin Arabian, mmoja wa madume watatu ambao farasi wote wa mbio wa aina ya Thoroughbred duniani leo hufuatiliwa hadi kwao kwa upande wa baba. Wengine wawili ni Byerley Turk na Darley Arabian. Dume huyo aliishi Uingereza na kufa mwaka 1753, na alikuwa na rafiki paka ambaye jina lake limehifadhiwa kama Grimalkin. Inasimuliwa kwamba farasi alipokufa, paka huyo alikaa juu ya mzoga hadi ulipozikwa, kisha akaenda zake, na hakuonekana tena akiwa hai. Siwezi kuapa kwamba kila neno la kisa hicho ni kweli, ila paka yumo katika picha iliyochorwa ya farasi huyo, ameketi karibu na kwato, na mchoraji hakuwa na sababu ya kumbuni.

Ukitaka kumpeleka paka mahali penye farasi, usimwachilie siku ya kwanza. Mfungie katika chumba cha vyombo kwa wiki mbili au tatu, umlishe humo, hadi apajue pale kuwa kwake. Paka aliyeachiliwa mapema hufunga safari ya kurudi alikotoka.

Ninafanya kazi kwenye mabanda ya farasi na nina paka nyumbani. Kuna hatari gani?

Ipo hatari moja ambayo ningependa kila mtu aijue, hata kama hatasoma jibu lingine lolote hapa. Dawa nyingi za kupulizia farasi ili kufukuza nzi na kupe, pamoja na dawa nyingi za matone ya mgongoni zinazouzwa kwa ajili ya mbwa, zina kemikali iitwayo pemethrini. Farasi na mbwa huistahimili bila shida. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja, na kiasi kidogo tu kinachobaki mwilini mwake humsababishia kutetemeka, kutokwa na mate, degedege na kifo. Hahitaji kupakwa yeye mwenyewe: kulala juu ya blanketi la farasi lililopuliziwa, au kumlamba mbwa aliyetiwa dawa siku hiyohiyo, kunaweza kutosha.

Paka akianza kutetemeka baada ya kugusana na dawa kama hiyo, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, umfunge taulo, na umpeleke kwa daktari ukiwa na chupa ya dawa mkononi ili daktari aone imetengenezwa na nini. Usimtapishe.

Nimewahi kumwona mtu akikadiria kwa macho dawa ya minyoo ya farasi ili ampe paka wake. Farasi wa kilo 500 ana uzito wa paka 125 wa kilo nne, na hakuna jicho linaloweza kugawanya tone kwa hesabu hiyo. Panadoli nayo isikaribie mdomo wa paka kabisa. Kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Mengine ni madogo. Choa huambukiza farasi, paka na binadamu, kwa hiyo nawa mikono na ubadilishe nguo za kazini kabla ya kumpakata paka. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya lazima kwa paka anayetoka nje, licha ya jina lake.

Uwanja wa Ngong ukoje, na mgeni ajiandae vipi?

Uwanja huu uko kando ya Barabara ya Ngong, ukipakana na msitu, na ulifunguliwa mwaka 1954 baada ya mbio kuhamishwa kutoka Eastleigh. Mbio hufanyika Jumapili katika msimu, kuanzia mchana hadi jioni, na kati ya mbio moja na nyingine kuna takriban nusu saa, jambo ambalo humchosha mgeni anayedhani kwamba farasi watakimbia mfululizo kama matatu za Rongai. Nusu saa hiyo ndiyo siku yenyewe. Ndani yake farasi wa mbio zijazo huletwa kwenye duara, wapandaji hupandishwa, kisha hutoka kwenda mahali pa kuanzia huku watu wakihama kutoka uzio wa duara hadi uzio wa njia. Mbio zenyewe humalizika kwa dakika moja hadi tatu hivi.

Mbio kubwa za mwaka zimechukua majina na mpangilio wa Uingereza: kuna Derby ya Kenya, Oaks kwa ajili ya majike, Guineas na St Leger. Derby ni ya farasi wa miaka mitatu na umbali wake ni mita 2,400. Kumbuka kwamba Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na umbali huo hapa si sawa na umbali huohuo ufukweni.

Vaa viatu vya kutembelea nyasini, beba sweta hata kama asubuhi kulikuwa na jua, na ufike mapema ili upate nafasi kivulini. Watoto huufurahia uwanja huu kuliko watu wazima, hasa wakiambiwa wachague farasi kwa rangi ya fulana ya mpandaji, na mara nyingine hushinda kuliko sisi tunaosoma takwimu usiku kucha.

Unatazama nini kwa farasi kabla ya mbio?

Kwanza hatua. Farasi aliye mzima, akitembea kwa utulivu, hutua kwato ya nyuma mbele ya alama iliyoachwa na kwato ya mbele ya upande uleule, na mwendo wake huonekana kama unamiminika. Farasi anayefupisha hatua, au anayeinua kichwa kila mguu fulani unapogusa ardhi, ana maumivu mahali, na kichwa huinuka pale mguu wa mbele wenye maumivu unapokanyaga. Hili nililijua kwa Mzee kabla ya kulijua kwa farasi: wiki mbili kabla ya daktari kusema ana ugonjwa wa viungo, alikuwa ameshaanza kupanda kwenye kiti kwa hatua mbili badala ya mruko mmoja.

Pili jasho. Paka hutoa jasho kwenye nyayo tu, ndiyo maana huacha alama ndogo za unyevu kwenye meza ya daktari anapoogopa. Farasi hutoa jasho mwili mzima, na jasho lake lina protini inayolifanya litoe povu kama sabuni pale ngozi inaposuguana na hatamu au mapaja yanaposuguana. Mwezi wa Februari, jua likiwa kali, shingo iliyolowa si hoja. Mwezi wa Julai, watu wakiwa wamejifunika makoti, povu jeupe katikati ya miguu ya nyuma linakuambia kwamba farasi huyo ameshakimbia nusu ya mbio zake moyoni.

Tatu masikio. Masikio ya farasi yanayogeuka moja mbele, moja kwa mpandaji, ni ya mnyama anayesikiliza. Yaliyolala nyuma na kubana kichwani ni ya hasira. Kwa paka masikio yaliyolala pembeni kama mabawa ni ya hofu, na anayeyachanganya mambo haya mawili ataumwa na mmoja wao. Mkia hauchanganyi: ukipigwapigwa, kwa wote wawili maana yake ni “niache”, isipokuwa kama kuna nzi.

Manyoya yanayong'aa, misuli ya nyuma iliyojaa na mbavu zinazoonekana kidogo tu ni dalili njema. Walakini, sharti niseme ukweli kwamba farasi mzuri kuliko wote kwenye duara hushindwa mara nyingi, na moja ya sababu ni mzigo. Katika mbio nyingi farasi hodari hubebeshwa uzani zaidi, kwa vipande vya risasi vinavyowekwa pamoja na tandiko, ili wadhaifu wapate nafasi. Mpandaji hupimwa akiwa na tandiko kabla ya mbio na baada ya mbio, na uzani ukipungua kuliko inavyoruhusiwa ushindi huondolewa. Kwa hiyo macho yanakuambia nani yuko tayari leo. Hayakuambii nani amebebeshwa kuliko uwezo wake.

“Ameshinda kwa urefu mbili” maana yake nini?

Urefu ni urefu wa farasi mmoja kutoka puani hadi mkiani, takriban mita 2.4. Chini yake kuna shingo, kichwa na pua. Farasi Secretariat wa Marekani alishinda mbio za Belmont Stakes ya mwaka 1973 kwa urefu 31, yaani zaidi ya mita 70, akimaliza mita 2,400 kwa dakika 2 na sekunde 24. Katika picha za siku ile mpandaji anaonekana akigeuka kutafuta wenzake walipo.

Je, mbio za farasi ni kamari? Na dini inasemaje?

Mbio zenyewe ni mashindano; dau la mtazamaji ndilo kamari, na mtu anaweza kupenda la kwanza bila kugusa la pili. Kwa Waislamu jambo hili lina historia yake. Ibn Umar amepokea kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwashindanisha farasi waliokondeshwa kwa mazoezi kuanzia al-Hafya hadi Thaniyyat al-Wada, na ambao hawakukondeshwa akawapa umbali mfupi zaidi. Anayejua mbio atatambua hapo jambo la kitaalamu: farasi walipangwa kulingana na maandalizi yao. Zawadi kwa mshindi ni suala moja, na watu kuwekeana dau ni suala jingine ambalo wanazuoni wamelikataza. Huko Dubai, ambako mashindano ya Dubai World Cup yalianza mwaka 1996 na farasi Cigar wa Marekani akawa mshindi wa kwanza, jukwaa hujaa ilhali hakuna dau linalopokelewa uwanjani. Paka naye ana hadithi yake: Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ili anywe, akasema amesikia kwamba paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaozunguka kati yetu. Babu yangu wa upande wa mama aliitaja hadithi hiyo kila paka alipopanda juu ya mswala wake.

Kwa wanaobeti, nitasema hesabu tu. Farasi akipewa nne kwa moja, shilingi 100 hurudisha 500, ikiwemo ile uliyotoa, na maana yake ni kwamba anahesabiwa nafasi ya asilimia 20. Jumlisha asilimia za farasi wote katika mbio moja. Tuseme wako wanne, mmoja tatu kwa mbili (asilimia 40), wa pili mbili kwa moja (asilimia 33), na wawili nne kwa moja (asilimia 20 kila mmoja): jumla ni asilimia 113. Ukweli hauwezi kuzidi 100, na hizo 13 ndizo pato la anayepokea dau. Kwa lugha nyingine, unaanza ukiwa nyuma. Mimi hutenga shilingi 500 kwa siku nzima, na zikiisha katika mbio ya pili huwa nimebaki na mbio nyingine zote za kutazama bure. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti, na anayekopa ili abeti aache kuja uwanjani kwa muda.

Mbio za nje huonekana saa ngapi kwa saa zetu?

Melbourne Cup ya Australia, mita 3,200, hukimbiwa Jumanne ya kwanza ya Novemba, na kwetu huwa ni saa moja asubuhi, kabla ya kwenda kazini. Derby ya Epsom huko Uingereza, ambayo ilikimbiwa mara ya kwanza mwaka 1780, huwa jioni ya Jumamosi mwanzoni mwa Juni. Kentucky Derby ya Marekani, Jumamosi ya kwanza ya Mei, ndiyo ngumu: hukimbiwa karibu na saa nane usiku wa kuamkia Jumapili.

Hapo ndipo paka wanapokuwa na faida. Paka ni mnyama wa magharibi na alfajiri, hulala saa 12 hadi 16 kwa siku, na huamini kwamba mtu aliyewasha taa usiku ameamka kwa ajili ya chakula. Wakati wa mbio za Kentucky huwa tuko wanne mbele ya televisheni, na Karafuu hufuata farasi kwa makucha kwenye kioo hadi wapinde kona ya mwisho, ambapo mimi humwondoa bila heshima.

Je, si ukatili kuwakimbiza farasi?

Swali hili lina haki ya kuulizwa, na sipendi majibu mepesi ya upande wowote. Farasi hukimbia kwa hiari malishoni, hilo ni kweli. Lakini malishoni hakuna mjeledi wala mpandaji, na mfupa mwembamba wa mguu wa farasi wa kilo 500 ukivunjika, mara nyingi hauungiki. Mabadiliko yamekuja polepole. Uingereza mwaka 2023 ilipunguza idadi ya mapigo ya mjeledi yanayoruhusiwa hadi sita katika mbio za tambarare na saba katika mbio za kuruka vizuizi, na mwaka 2024 idadi ya farasi katika Grand National, mbio zao maarufu za kuruka vizuizi, ilishushwa kutoka 40 hadi 34. Kwangu mimi bado hayatoshi, na mbio za kuruka vizuizi niliacha kuzitazama zamani. Namwuliza pia mwenye swali kama paka wake amefungwa uzazi. Majike wawili wa mtaani kwetu wasiofungwa walijaza uchochoro watoto kwa mwaka mmoja, na wengi hawakufikisha miezi mitatu. Ukatili wa kutotenda hauna jukwaa la watazamaji.

Kwa nini farasi ni wachache Afrika Mashariki?

Kwa sababu ya wadudu. Mbung'o walieneza nagana na kuyafanya maeneo makubwa ya bara yasikalike na farasi, na usubi bado hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao hauna tiba ila una chanjo. Pundamilia huubeba bila kuugua. Usubi huuma zaidi usiku, ndiyo maana wenye farasi wengi huwaingiza bandani kabla ya giza. Lamu, mji ambao paka wake hukalia kila baraza, mbio ni za punda, na aliyeziona anajua kwamba mpandaji wa punda huhitaji ujasiri wa aina nyingine.

Kuna Mkenya yeyote aliyewika katika mbio hizi?

Wako wengi, wakiwemo masaisi na wapandaji ambao majina yao hayakuandikwa inavyostahili. Anayejulikana zaidi duniani ni Beryl Markham, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1902 na kukulia Njoro, ambako baba yake alifunza farasi. Alipata leseni ya kufunza farasi akiwa bado kijana sana, na mwaka 1926 farasi jike aliyemfunza, Wise Child, akashinda St Leger ya Kenya licha ya miguu iliyokuwa na historia ya maumivu. Mwaka 1936 alivuka Atlantiki peke yake kwa ndege kutoka mashariki kwenda magharibi, kisha baada ya miaka mingi akarudi Kenya na kufunza washindi tena. Uzeeni aliishi katika nyumba ndogo kwenye uwanja wa Ngong, na alifariki Nairobi mwaka 1986.

Unaweza kunitajia farasi wa Jumapili hii?

Hapana.

Je, unagawa watoto wa paka?

Wangu wote wamefungwa uzazi, lakini jirani yangu wa ghorofa ya chini ana wawili waliobaki, wa kijivu na wa madoa, watakaofikisha wiki kumi mwishoni mwa mwezi huu. Wameshapewa dawa ya minyoo na wanakula omena wenyewe. Anayewataka aje na sanduku lenye matundu na taulo kuukuu ndani yake, asije na gunia, na asije Jumapili mchana.